Chumvi Katika Kabureta ya Baba Yako

Mwanangu Mwape,

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, nami nimebaki na meza, kalamu na mwanga wa jua kidogo. Ningeweza kukuambia haya kwa mdomo, lakini kila nikianza kuongea juu ya baba yako mdogo Chola sauti yangu inapanda, wewe unaanza kunituliza, na mwisho hakuna kilichosemwa. Basi acha niandike. Naandika kwa Kiswahili nilichofundishwa na masista kule Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, kwa sababu ndicho baba yako alichojifunza kwa taabu ili anunue samaki kwangu, na baadaye ili anitongoze. Isitoshe, karatasi hii ikianguka mikononi mwa Chola haitamsaidia. Kiswahili chake ni cha sokoni tu, cha mdomo, kukisoma hajui.

Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa, wala ufunge mlango usiku. Wewe ni mwalimu sasa, hayo utawaambia wengine. Kesho unaondoka hapa Nchelenge kwenda kufundisha Puta, na unakwenda juu ya pikipiki ya baba yako. Barabara ya Puta inapita Kashikishi, na pale Kashikishi inapita mbele kabisa ya mlango wa Chola. Asubuhi hiyo nimeisubiri tangu ulipokuwa hujui hata kujifunga kitenge.

Sijui unakumbuka nini cha kilio cha baba yako. Kwa watu wake mtoto ni wa ukoo wa mama, na mali ya mwanamume inarudi kwa ndugu zake wa tumbo moja. Nilijua hivyo nilipoolewa, hakuna aliyenificha. Lakini nilipoona wanabeba hata godoro alilofia, damu ilinichemka. Chola alichukua mtumbwi, akachukua mota yake, akachukua nyavu na redio. Wewe ulikuwa umeshika redio ile kifuani, na yeye akakufungua vidole kimoja kimoja, taratibu, huku akikuita mama. Ule upole wake ndio uliniudhi kuliko kitu chochote.

Pikipiki nilikuwa nimeificha. Baba yako alipoanza kulala kitandani, Chola alikuwa akija kumtazama, na macho yake hayakai kwa mgonjwa, yanazunguka nyumba. Nikaisukuma mpaka kwenye ghala letu, nikailaza chini, nikaifunika kwa magunia ya chumvi, ile tuliyokuwa tunatilia makayabo, samaki wa chumvi wa wateja wa Lubumbashi. Mwape, mimi nimekulia kwenye samaki. Ninachojua juu ya chumvi ni kwamba ukitaka kitu kisioze unakifunika nayo. Nilifikiri inalinda kila kitu. Ilikaa humo msimu mzima wa mvua, magunia yakivuja maji ya chumvi juu yake, na mimi kila jioni napita mlangoni nikijisifu kwa akili yangu.

Chola aliikuta hata hivyo. Aliyavuta magunia mbele ya waombolezaji wote, na pikipiki ikatokea imevaa unga mweupe kama mtu aliyeanguka ndani ya kinu cha kusagia. Akashika mkono wa gesi, haukuzunguka. Akakanyaga kiki, haikushuka. Akageuka kwangu, shemeji yake, na bado nasikia alivyosema.

"Mulamu, hii chuma ilikufaka mbele ya mwenyeji yake. Tunakuachia weye. Muzikane pamoja."

Watu walicheka. Kwenye kilio cha mume wangu, watu walicheka, na wewe ukacheka kwa sababu watoto hucheka wakubwa wakicheka. Niliinama nikaokota gunia nikalirudisha juu yake. Nilijiapia kwamba pikipiki hiyo itapita siku moja mbele ya mlango wake ikiwa hai, na anayeipanda atakuwa wa damu yangu. Naona aibu kidogo kukuambia jinsi kiapo hicho kilivyonilisha miaka yote. Wengine waliniona najituma na samaki wakadhani ni kwa ajili ya karo yako tu.

Kwa hiyo ulipotoka chuo na barua ya kwenda Puta, ukasema unahitaji namna ya kusafiri, unakumbuka sikufikiri hata dakika. Nilikwenda kuondoa magunia. Tuliifungua kabureta pamoja nyuma ya nyumba, na Papa Ilunga, fundi wa mota aliyevuka kutoka Pweto na familia yake mambo yalipoharibika kule, akaja kutuangalia. Kabureta ilikuwa kama jino bovu. Nje chumvi imeila mpaka imepata vishimo. Ndani petroli ya zamani imekauka ikawa gundi ya rangi ya asali. Boya limeganda chini ya bakuli lake, na ile pistoni ndogo inayopanda unapozungusha gesi imeshikana na ukuta wake kana kwamba viliyeyushwa kuwa chuma kimoja.

Nikachukua nyundo. Papa Ilunga alinionya.

"Mama, usipige na kasirani. Hii chuma iko laini, itavunjika."

"Niko napiga polepole."

"Hapana. Iko mutu unamupiga."

Alisema kweli. Nilikuwa naona uso wa Chola ndani ya kabureta, na nilipiga, na kimguu kimoja kinachoshika pini ya boya kikakatika kikarukia kwenye majani. Tulikitafuta mpaka magoti yakauma, hatukukiona. Ulininyang'anya nyundo, ukaenda kuiweka kwa jirani. Papa Ilunga alichonga kimguu kingine kwa kipande cha shaba, akakichomelea, na alichukua siku zake kufanya hivyo.

Baada ya hapo kazi ilikuwa yako. Mimi nilikuwa mpishi tu. Uliilowesha kabureta katika mafuta ya taa na dizeli, ukaiacha, ukaenda kanisani, ukarudi, ukaigeuza, ukaiacha tena. Nilikuwa napita nikinung'unika kwamba haijatoka. Ulikamulia ndimu kwenye maji ukasugua ule unga mweupe, ukasuuza haraka kabla ndimu haijala na chuma chenyewe. Kisha tukaichemsha ndani ya sufuria kubwa, ile ile waliyopikia bukari, ugali wa kilio, kitu pekee ambacho ndugu wa baba yako walisahau kubeba. Ukaitoa kwa kitambaa ingali inatoa mvuke, ukaweka mpini wa mwiko chini ya pistoni, ukagonga kidogo. Hakuna kitu. Tukachemsha tena. Ukagonga. Tukachemsha tena, maji yakawa meusi. Halafu ukaniita, "Mama, imesogea," na nilipoinama niliona mstari mwembamba unaong'aa, wa upana wa ukucha, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nilikaa chini kwenye mavumbi nikalia. Ulidhani nalia kwa ajili ya baba yako, na sikukusahihisha.

Ilipofika zamu ya jeti, kile kishaba chenye tundu dogo petroli inapopita, ulitaka kuzibua kwa waya. Nikakuzuia. Nikakuletea mwiba wa samaki, ule mwembamba wa ubavuni, kwa sababu waya unapanua tundu na mwiba haudhuru shaba. Uliniuliza, "Mama, umejulia wapi hii?" Nikajibu kwamba baba yako alinifundisha, kwenye mota ya mtumbwi, zamani tukivuka na samaki kutoka Kilwa. Jibu lilikuwa la kweli ila halikufika mwisho. Mwisho wake nitauandika hapa chini, nikishapata nguvu.

Siku ilipowaka, kuku wa mtaa mzima walikimbia. Moshi ulitoka mweupe, wenye harufu ya ndimu na samaki, na wewe ukacheka hasa kama baba yako. Sauti ile haifanani na pikipiki nyingine yoyote ya huku. Inapiga kwa kishindo, inapumzika, inapiga tena. Baba yako aliileta akiwa ameilaza ndani ya mtumbwi, alipoinunua kwa Mbelgiji aliyekuwa akifunga duka lake Kilwa, na tangu siku hiyo kila mtu kuanzia bomani mpaka Kashikishi aliijua. Nilijua Chola ataisikia. Nilitaka aisikie.

Alikuja Jumapili akiwa na suti, amewaleta wazee wawili wa ukoo, wakaketi kwenye viti vyetu.

"Mulamu, tumekuya juu ya pikipiki. Ni mali ya kaka yangu. Mali ya kaka inarudiaka kwa jamaa, unajua."

"Uliniachiaka weye mwenyewe."

"Niliachaka chuma. Sasa ni pikipiki." Akawageukia wazee. "Na tena tuliinunuaka pamoja, mimi na kaka. Ni sawa na yangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nayo tayari, ya Kiswahili, ya Kibemba na mawili ya Kifaransa. Lakini uongo ule ulinipa kitu bora zaidi. Nikamwambia, "Bon. Kama ni yako, iwashe. Mutu anajuaka kuwasha kitu yake."

Unajua ilivyokuwa, lakini niache niifurahie mara nyingine. Alivua koti. Akafungua petroli, akakanyaga. Akakanyaga tena. Alikuwa siku zote amepanda nyuma ya kaka yake, hajawahi kuinama akaona baba yako anafanya nini kule chini kabla ya kukanyaga. Jasho likatoka, shati likashikana na mgongo, watoto wakajaa kwenye ua. Mwisho kiki ikamrudi ikampiga kwenye muundi, akaruka kwa mguu mmoja kwa suti yake ya Jumapili. Ndipo ulipotoka jikoni ukijifuta mikono. Ukainama, ukabonyeza kile kidude cha pembeni mwa kabureta mpaka petroli ikakulowesha vidole, ukasimama, ukakanyaga mara moja, ikawaka. Mzee wa kwanza alicheka mpaka akakohoa. Wa pili hakucheka. Alisema taratibu, kwa Chola.

"Mbele ya maiti ulisema hii chuma ilikufaka, muke azikwe nayo. Batu bote tulisikia. Leo unataka kufukua?"

Chola alikwenda na koti lake mkononi, akichechemea. Wewe ulisema, "Mama, sasa imekwisha." Nikaitikia. Mwape, haikuwa imekwisha, na sasa ndipo ninapotakiwa kuwa na nguvu.

Unajua jinsi mota ya Chola, ile aliyoichukua kwetu, inavyochekwa ziwani. Inakwenda vizuri ikiwa polepole, lakini akiongeza gesi inajaa petroli, inatoa moshi mweusi, inazama kimya. Mafundi walimwambia jeti haimo. Amegombana na fundi wa Mansa, akamwita mwizi, amegombana na fundi wa Kashikishi. Ametafuta nyingine mpaka Lubumbashi, wakamwambia mota za namna hiyo zimekuwa za zamani mno, vipuri havipatikani. Kwa hiyo anakwenda hivyo hivyo, miaka yote hii, kila mtumbwi ukimpita.

Jeti ninayo mimi. Niliitoa siku ya kilio, mota ikiwa bado imeegemezwa ukutani ikisubiri kubebwa, wakati wanaume wako kaburini. Ilinichukua muda mfupi kuliko kupaa samaki mmoja. Niliifunga kwenye pembe ya kitenge, na imehama kutoka kitenge kimoja kwenda kingine mpaka leo. Kila nilipowasikia watu wakimcheka, niliigusa.

Sasa kumbuka siku ya Chisenga. Ulikuwa na umri wa kuvaa sare za shule. Nilikutuma kisiwani kuchukua chisense, dagaa wetu wa huku, zilizokauka, na nilikuambia urudi na mtumbwi wa wale wa mama Kalaba. Upepo ukaanza mchana. Nilikuwa sokoni pale ufukweni na wenzangu, mtu akaja akasema mtumbwi wa Chola umekwama katikati ya ziwa, mota imekufa, mawimbi yanaingia. Mwape, nilicheka. Nilisema kwa sauti, kila mtu asikie, "Muache anywe maji kidogo." Nikaendelea kupanga samaki zangu. Ndipo mama Kalaba mwenyewe akanishika mkono.

"Usiseme vile. Sisi tulirudi mapema, mutoto alichelewa. Mutoto wako njo iko mule ndani."

Sitakuandikia nilivyokuwa. Nilisimama ndani ya maji mpaka kifuani, na jeti iko kwenye pembe ya kitenge, imelowa pamoja nami. Ningeweza kuitupa. Ningeweza kupiga kelele kwamba ninayo. Lakini ingemsaidia nani, mota iko kule na mimi niko huku? Niliishika tu. Ninyi mlikuwa mnakumba maji kwa vikombe na kupiga makasia, na giza lilikuwa limeshaanza mlipofika. Chola mwenyewe alikuwa anapiga kasia la mbele. Alishuka amekubeba mabegani, akakuweka mbele yangu, na viganja vyake vilikuwa vimechunika, damu yake imebaki kwenye kola ya sare yako. Akasema, "Mulamu, pokea mutoto." Basi.

Sikumshukuru. Nilikufunika nikakupeleka nyumbani. Ile kola niliisugua kwa sabuni siku mbili. Wewe ulikua ukiamini kwamba baba yako mdogo ni mwendeshaji mbaya aliyekaribia kukuzamisha, na mimi nilikuacha uamini hivyo. Ukitaka kujua kwa nini tangu hapo nilimchukia zaidi, ni kwa sababu hiyo. Yule aliyekufungua vidole kwenye redio ningeweza kumchukia nikalala vizuri. Huyu wa viganja alinikosesha usingizi, na badala ya kurudisha jeti, niliongeza fundo juu ya fundo.

Usifikiri nimemsamehe. Nimejaribu kuangalia ndani kama kuna kitu cha namna hiyo, sijakiona. Kicheko cha kilio bado kinanichoma, godoro bado linanichoma. Nikikumbuka anavyoruka na mguu mmoja, nafurahi kama mtoto. Lakini juzi nilimwona akipakia watu pale ufukweni, na ndani ya mtumbwi kulikuwa na msichana wa sare za shule, ameshika kikapu magotini. Mama yake alikuwa anampungia mkono. Tangu hapo kitenge hiki kimekuwa kizito, na wewe unaondoka, na mimi sitaki kubaki nacho peke yangu katika nyumba hii.

Ndani ya karatasi hii nimekufungia jeti. Nimeizibua kwa mwiba, ni safi. Kesho ukifika kwa Chola, simama. Najua niliapa kwamba utapita tu, na nilikuwa nimeshaiona asubuhi hiyo kichwani, wewe unapita bila kugeuza shingo na yeye amesimama mlangoni na mswaki mdomoni. Badala yake simama, muite atoke, umwekee mkononi. Ataijua mara moja, ameitafuta kuliko mtu anavyotafuta mke. Akiuliza ilikuwa wapi, mwambie, "Mama alikuwa nayo tangu kilio." Umwangalie usoni ukisema hivyo, kisha uniandikie jinsi uso ulivyokuwa, usiache kitu. Akikutukana, usimjibu. Akilia, usimjibu vilevile. Na asante ya siku ya Chisenga usimpe wewe, hiyo ni yangu, nitampelekea kwa miguu yangu nikiweza.

Unaweza pia kukataa. Ni wewe uliyekuwa ndani ya mtumbwi ule, na una haki ya kunikasirikia mimi kabla ya mtu yeyote. Ukikasirika, kasirika ukiwa njiani, huku ukishika usukani vizuri, kwa sababu mchanga wa baada ya Kashikishi unateleza.

Ila ukisimama kwake, nakuomba kitu kimoja, na hiki ni cha mama yako kama alivyo. Usizime pikipiki. Mpe jeti huku inaunguruma, ili asikie vizuri.

Mama yako